Ruta ya kwanza nyumbani: acheni kuhesabu antena

Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu, wote wakiuliza swali moja: "Wewe ni mtu wa kompyuta, niambie ninunue ruta gani?" Wa kwanza ni binamu yangu aliyehamia nyumba ya vyumba viwili huko Ruiru. Wa pili ni jirani yangu, mwalimu, ambaye ameanza kufundisha wanafunzi kwa video jioni. Wa tatu ni mzee mmoja tunayesali naye, ambaye amesikia kwamba ruta yenye antena nane inafika mpaka zizini kwa ng'ombe. Wote watatu walikuwa na pesa tayari. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na saa moja.

Ndiyo maana naandika haya. Maoni yangu ni mafupi na najua wauzaji wa Luthuli Avenue hawatayapenda: mtu anayeweka waifai nyumbani kwa mara ya kwanza anahitaji mahali pazuri pa kuiweka ruta, nywila mbili nzuri, na saa moja ya kukaa nayo chini. Ruta yenyewe inakuja nyuma ya hayo. Na antena? Antena ziko mwisho kabisa wa foleni.

Kabla hujasema najifanya mjuaji, wacha nianze na makosa yangu mwenyewe. Ni mawili.

La kwanza ni la kuchekesha. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu, niliingiziwa faiba nyumbani. Fundi akaacha kisanduku cheupe ukutani chenye tundu moja la Itheneti, akaenda zake. Nikashuka mjini, nikapita duka moja, la pili, la tatu, nikanunua ruta ya mtumba kwa shilingi 2,800. Nyeusi, nzito, jina kubwa. Nilifika nyumbani nikiwa na furaha ya bwana harusi. Nikaigeuza nyuma: tundu la kuingizia mtandao lilikuwa dogo, la waya wa simu ya mezani. ADSL! Watu husema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini ukweli ni kwamba gunia lilikuwa wazi. Ni mimi sikuchungulia.

La pili halichekeshi. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Nakuru. Alipoingiziwa mtandao alinipigia kuniuliza kama kuna jambo la kufanya baada ya fundi kuondoka. Mimi nilikuwa na kazi ya kuwasilisha siku hiyo. Nikamjibu, "Mama, hiyo ni ruta tu, iache ilivyo." Basi akaiacha ilivyo. Nywila ya waifai ilikuwa namba yake ya simu, ambayo kwaya nzima inaijua. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ilikuwa ile ya kiwandani, admin na admin.

Miezi michache baadaye alinipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, nilikuwa nafungua ule ukurasa wa nyimbo, sasa hii mashine inaniambia nimeshinda zawadi na inataka namba yangu ya siri ya pesa za simu. Niipe?"

Niipe? Hilo swali bado linanipa baridi. Pensheni yote ya miaka thelathini na kitu ya chaki na daftari ilikuwa imening'inia kwenye neno hilo moja. Nilimwambia azime kila kitu ukutani, na asubuhi nilikuwa kwenye matatu ya Nakuru.

Nilichokikuta ni hiki. Mtu, au kitu, kilikuwa kimeingia kwenye mipangilio ya ruta na kubadilisha anwani za DNS. DNS ni kama yule mtu wa steji unayemuuliza, "Gari la Kisii ni lipi?" naye anakuonyesha. Akiwa mwongo, utapanda gari lisilo lako ukiwa na imani kabisa. Ruta ikishabadilishwa DNS, kila simu na kila tarakilishi ndani ya nyumba inauliza njia kwa mwongo huyo. Simu ya Mama haikuwa na kasoro yoyote. Tovuti zenye usimbaji fiche, zile zenye alama ya kufuli, kwa kawaida kivinjari kitakupigia kelele ukipelekwa pabaya. Lakini ule ukurasa wa nyimbo ulikuwa wa zamani, hauna kufuli, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele.

Watu huniuliza, ni jirani gani alifanya hivyo? Sijui, na sitaki kumtuhumu mtu. Haihitaji jirani mbaya. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza programu hasidi ya Android iliyoitwa Switcher. Ilikuwa inakaa kwenye simu ya mtu, inasubiri simu iunganishwe na waifai, kisha inajaribu nywila za kiwandani kwenye ruta. Ikifaulu, inabadilisha DNS. Kwa hiyo mgeni anakuja kwako na nia njema, anakunywa chai, anaomba waifai, na simu yake inafanya kazi ambayo yeye mwenyewe haijui. Mwaka huo huo wa 2016 kulikuwa na Mirai, iliyokusanya majeshi ya kamera na ruta duniani kote kwa orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, kama sitini hivi. Tarehe 21 Oktoba majeshi hayo yaliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Hawakuvunja ukuta wowote. Walisukuma milango ambayo haikuwa imefungwa.

Nafikiri tatizo letu lina historia. Hapa Kenya, kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mtandao wa nje ya nchi ulikuwa unapitia setilaiti, ghali na polepole. Wengi wetu tuliujua mtandao kupitia saiba. Ulilipa kwa dakika, ukakaa, ukaondoka. Ruta ilikuwa chini ya meza ya mwenye saiba na ilikuwa shida yake. Akijaza nyaya vibaya, akisahau nywila, wewe ulihamia saiba ya pili. Leo kila nyumba yenye faiba ni saiba ndogo, ila imekosa mwenyewe. Fundi si mwenyewe, ana nyumba nyingine tano za kufika kabla ya jua kutua, simlaumu. Kampuni ya mtandao si mwenyewe, yenyewe inakuuzia njia. Mwenye saiba hii ni wewe.

Haya basi, tufanye kazi. Nitaeleza kwa utaratibu ninaoufuata mimi sasa.

Kwanza, jua mtandao unaingia nyumbani kwako kwa njia gani. Ikiwa ni faiba, kuna kisanduku kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa mawimbi ya umeme. Mara nyingi kisanduku hicho chenyewe tayari ni ruta yenye waifai. Ikiwa sivyo, unahitaji ruta yenye tundu la WAN la Itheneti, lile pana. Ikiwa mtandao wako ni wa 4G au 5G, unahitaji ruta yenye nafasi ya kuweka laini, na uulize kama haijafungiwa kampuni moja tu na kama inakubali masafa ya kampuni unayotumia. Ikiwa ni antena ya juu ya paa, mara nyingi waya unaoshuka ni wa Itheneti. Piga picha ya tundu kwa simu yako kabla hujatoka nyumbani. Picha hiyo moja ingeniokolea shilingi 2,800.

Pili, pima kabla ya kununua. Chomeka tarakilishi kwenye ruta uliyopewa kwa waya wa Itheneti na upime kasi. Kisha toa waya, kaa karibu na ruta, upime kwa waifai. Kisha nenda chumba cha mwisho upime tena. Andika namba tatu hizo. Ikiwa hata kwa waya kasi ni mbaya, ruta mpya haitakusaidia hata ikiwa ya dhahabu, wapigie kampuni yako. Ikiwa kwa waya na pale karibu ni sawa, lakini chumba cha mwisho ni maafa, shida yako ni mahali au kuta. Ni katika hali moja tu ambapo ruta ndiyo ya kulaumiwa moja kwa moja: kwa waya ni nzuri, lakini hata ukikaa mita mbili kutoka kwake waifai inasuasua. Binamu yangu wa Ruiru alipopima, aligundua kwamba hahitaji kununua chochote. Alinishukuru kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo kidogo.

Tatu, sogeza ruta. Mafundi wengi huacha kisanduku pale waya unapoingilia, yaani dirishani au nyuma ya televisheni, kwenye kona ya nyumba. Nusu ya mawimbi yako yanawafaidi ndege. Ruta inataka kukaa katikati ya nyumba, juu kiasi, mahali pa wazi. Kuta zetu za mawe ya Ndarugo ni nene, na slabu ya zege yenye vyuma ndani yake ni mbaya zaidi. Chuma hurudisha mawimbi, kwa hiyo usiifiche nyuma ya friji, wala ndani ya kabati la bati, wala nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia, maana kioo kina tabaka la madini mgongoni. Maji huyameza mawimbi, kwa hiyo tangi la maji nalo ni adui. Kama kisanduku cha faiba hakiwezi kuhama, nunua waya wa Itheneti wa mita kumi na tano, uupitishe juu ya mlango, na uweke ruta kwenye korido. Waya huo unaweza kufika mita 100 bila taabu. Nakuhakikishia, hakuna antena itakayokupa faida kama ya huo waya.

Sasa hapo kwenye antena. Antena haitengenezi nguvu, inaielekeza tu. Mfikirie mama anayesukuma chapati. Unga ni ule ule. Donge likiwa duara linajaa juu, chini na pembeni. Akilisukuma linakuwa pana, lakini jembamba. Antena "yenye nguvu" ya kusimama wima hufanya hivyo hivyo: inapeleka mawimbi mbali pembeni na kupunguza yale ya kwenda juu na chini. Katika nyumba ya ghorofa mbili unaweza kununua antena kubwa na chumba cha juu kikawa kibaya zaidi kuliko jana. Tena kuna jambo wauzaji hawalitaji: waifai ni mazungumzo. Ruta ikipiga kelele mpaka zizini, simu yako ya mfukoni bado inajibu kwa sauti yake ndogo. Usipoisikia simu, kelele zako ni za bure. Na idadi ya antena unazoziona nje haikuambii ndani kuna redio ngapi. Mzee wangu wa antena nane nilimwambia hivyo na akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Kwa hiyo ni pembe tu." Ni pembe tu, mzee.

Nne, ukibaki na sababu ya kununua, soma boksi kwa jicho la mhasibu. Ukiona AC1200, hiyo ni jumla: takriban megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, zikajumlishwa na kukadiriwa juu. Kwa kawaida simu yako inatumia upande mmoja kwa wakati, na hata huo hauutumii wote. AX3000 ni hesabu ile ile, 574 na 2402. Halafu geuza boksi utafute tundu za waya ni za kasi gani. Ruta nyingi za bei ya chini zinajisifu kwa maelfu upande wa mbele, lakini tundu zake ni za megabiti 100 tu. Kama unalipia mtandao wa megabiti 20, hilo halikusumbui. Kama unalipia 200, umejifunga kamba mguuni.

Hizo namba 4, 5 na 6 unazoziona baada ya jina la waifai zilianza kutumika mwaka 2018 ili watu waache kuchanganyikiwa na herufi. Ya nne ni ile 802.11n ya mwaka 2009, ya tano ni ac, ya sita ni ax. Nyumba yenye watu wachache itaishi vizuri na ya tano. Simu ya video ya kawaida haihitaji zaidi ya megabiti 4 hivi. Ukiweza kununua ya sita, nunua, sababu yangu si kasi ila umri: ni ya karibuni, kwa hiyo mtengenezaji ataendelea kuitolea masasisho kwa muda mrefu zaidi.

Masasisho ndiyo kigezo changu cha kwanza siku hizi. Ruta ni kompyuta kamili, ina programu ndani yake, na programu huwa na kasoro. Naandika programu kwa ajira, naomba uniamini kwa hili. Mei 2025 shirika la FBI la Marekani lilionya kwamba wahalifu wanaingia kwenye ruta za zamani ambazo watengenezaji wake wameacha kuzisasisha. Wakati Marekani au Ulaya wanazitupa ruta kama hizo, baadhi yao zinakuja kuuzwa kwetu kama mtumba. Uingereza nayo, tangu Aprili 2024, sheria inakataza vifaa vya aina hii kuuzwa na nywila moja ya kiwandani kama admin. Lakini ruta ya mtumba iliyotoka kiwandani kabla ya hapo haijui sheria hiyo. Kabla hujalipa, tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji uone sasisho la mwisho ni la mwaka gani. Kama ni la miaka mitano iliyopita, mrudishie muuzaji kwa heshima.

Wanaopenda kuchokora wanajua kuna njia nyingine. Linksys walipotoa WRT54G mwishoni mwa mwaka 2002, ikagundulika kwamba ndani yake kuna Linux, na kutokana na hapo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Mpaka leo unaweza kuifufua ruta ambayo mtengenezaji ameizika, ikiwa modeli yake iko kwenye orodha yao. Mimi nafanya hivyo. Lakini sitakushauri uanzie hapo. Ruta ya kwanza si ya kujifunzia upasuaji.

Tano, na hapa ndipo naomba umakini wako wote: nywila ni mbili. Moja ni ya kujiunga na waifai. Nyingine ni ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, ile unayoifikia kwa kuandika kwenye kivinjari anwani kama 192.168.1.1, angalia kibandiko kilicho chini ya ruta. Watu hubadilisha ya kwanza na kusahau ya pili. Ni kama kubadilisha kufuli la geti na kuacha ufunguo wa chumba cha kulala mlangoni.

Ya waifai, tafadhali isiwe namba ya simu. Hebu tupige hesabu. Namba ya 07 ina tarakimu nane zinazobaki, yaani uwezekano milioni 100. Ukiongeza za 01, milioni 200. Inaonekana nyingi, sivyo? Mtu akinasa ile salamu ya mwanzo ambayo simu na ruta hupeana katika WPA2, anaweza kwenda nayo nyumbani akajaribu nywila bila wewe kujua. Kadi ya kawaida ya kuchezea michezo ya kompyuta hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Kwa laki mbili tu kwa sekunde, namba zote za 07 zinaisha kwa dakika nane na kidogo. Muda wa kuchemsha chai. Badala yake chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, kwa mfano jina la mti, chombo cha jikoni, rangi na mnyama, uyaunganishe. Utayakumbuka, na hakuna kadi itakayoyamaliza upesi.

Ukiwa humo ndani, chagua WPA3, au WPA2 yenye AES kama simu zako ni za zamani. WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001, ukiikuta ruta isiyo na kitu kingine, ifanye kizuizi cha mlango. Zima WPS: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba PIN yake ya tarakimu nane huhakikiwa vipande viwili, kwa hiyo mtu anahitaji majaribio 11,000 tu kwa kiwango cha juu kabisa. Zima ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio kutoka nje. Angalia sasisho. Kama unakaa kwenye ploti yenye waifai ishirini, weka gigahezi 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11. Usijione mjanja ukachagua 3, utagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Vifaa vilivyo karibu vitumie gigahezi 5, kuna nafasi zaidi huko ingawa hazipenyi kuta vizuri.

Na kama umeongeza ruta yako nyuma ya ile ya kampuni, tafuta kwenye mipangilio hali ya kuifanya iwe kituo cha waifai tu. La sivyo utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani, mlango ndani ya mlango, na printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande wa pili. Utailaani printa bure.

Nywila zote mbili ziandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Wenzangu wa kazi watanicheka, lakini mwizi wa mtandao aliye mbali hawezi kufungua droo ya mama yangu. Nywila nzuri iliyo kwenye daftari nyumbani ni bora mara mia kuliko nywila mbaya iliyo kichwani.

Najua pingamizi mbili zinazokuja. Ya kwanza: "Si ununue tu ile seti ya meshi, ruta tatu, uache kuhangaika?" Kama una nyumba ya ghorofa yenye kuta nene na huwezi kupitisha waya, ni sawa, nunua. Lakini vituo vya meshi visivyo na waya kati yao hupeana mtandao kwa mawimbi yale yale, kwa hiyo kila kupokezana kunakula sehemu ya kasi. Na seti ya bei kubwa yenye nywila mbaya ni nywila mbaya katika vyumba vitatu.

Ya pili ni nzito zaidi: "Sisi huku tunagawana. Ninalipia na jirani, wewe unaniambia nifunge milango." Naielewa, nimeishi hivyo mimi mwenyewe, na kuna miezi mtandao wa jirani ndio ulionilisha. Sikwambii uwe mchoyo. Soma kwanza mkataba wako unasemaje juu ya kugawana. Halafu tumia mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za leo wanao. Jirani na wageni wanapata intaneti, lakini simu zao haziwezi kugusa vifaa vyako wala ukurasa wa mipangilio. Ukikaribisha mtu sebuleni, humpi ufunguo wa sanduku la hati za shamba. Wala yeye hakuoni mchoyo.

Jambo la mwisho ni umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, wengi waligundua kwamba mtandao wa faiba ungeweza kuendelea ila ruta yao imezima. Ruta nyingi zinatumia volti 12 na umeme kidogo sana, kwa hiyo betri ndogo ya ruta inaweza kuibeba kwa saa kadhaa. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta na zile za betri, na ukumbuke kwamba kisanduku cha faiba nacho kinahitaji moto wake. Betri hiyo pia inaikinga ruta kidogo na umeme unaporudi kwa kishindo.

Hesabu saa yako sasa. Dakika kumi za kupima, ishirini za kuhamisha ruta na kupitisha waya, ishirini za nywila na mipangilio, kumi za kusasisha. Ni saa moja kamili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeona ukuta huo kwa karibu.

Siku ile Nakuru niliirudisha ruta ya Mama kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitufe cha nyuma kwa pini yake ya kushonea. Kisha nikamwambia akae yeye mbele ya tarakilishi, mimi nikakaa pembeni. Alibadilisha nywila zote mbili kwa mkono wake, maneno aliyoyachagua mwenyewe, nami nikageuka nisiyaone. Akayaandika kwenye daftari, akalifungia kabatini na vyeti vyake vya ualimu. Mwezi uliopita nilipokwenda kumtembelea niliomba waifai.

"Ya wageni iko ukutani," akaniambia. "Hiyo nyingine ni ya mwenye nyumba."